Picha za Mkono Mmoja

Mokhtaria alikuwa ametimiza miaka arobaini na saba alipochora picha yake ya kwanza, na wala hakuichora kwa kukusudia. Aliichora kwenye kishikwambi kilicholetwa na kaka yake Benaouda kutoka Marseille, ili mama yao, Hadja Kheira, awe anawaona wajukuu wake kwenye kioo. Mama hakukipenda. Kila Benaouda alipopiga, sura zikatokea na sauti zikaanza kupishana, "Mama, unaniona? Mama, tupungie mkono basi!", Hadja Kheira aligeuza macho akatazama ukuta. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno yote pamoja na upande mzima wa kulia wa mwili, na labda aliona kuwa kuitwaitwa na watu wasioweza kumgusa ni kejeli. Mwishowe Benaouda naye akachoka kuzungumza na shavu la mama yake. Kishikwambi kikawekwa kwenye kabati la vyombo, pembeni ya kopo la sukari, kikasahauliwa.

Waliishi wawili tu, ghorofa ya tatu, mtaa wa Gambetta pale Oran, Algeria. Zamani Mokhtaria alifanya kazi kwenye duka la kutoa nakala karibu na chuo kikuu. Mama alipoanguka aliomba ruhusa ya mwezi mmoja, na mwezi ule ulikuwa haujaisha hadi leo. Dukani walishamweka mtu mwingine, na mtu huyo mwingine alishaolewa na kuacha kazi. Siku za Mokhtaria zilikuwa za kumwosha mama, kumgeuza asipate vidonda, kuchuja supu iwe laini kama uji, kuanika mashuka, na kujaza madumu siku maji yanapotoka. Watu walimpenda. Wakikutana naye ngazini walisema, "Mungu akulipe pepo, binti Kheira," kisha wakapita haraka, kama watu wanaopita mbele ya chumba cha daktari.

Saa ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya baada ya chakula cha mchana. Mji mzima hushusha mapazia, maduka hufungwa, hata paka hulala. Saa hiyo Hadja Kheira hakutaka redio, hakutaka maneno, hakutaka shuka. Alitaka mkono. Alinyoosha wake wa kushoto, ule uliobaki hai, akaukamata wa kushoto wa binti yake, na hakuuachia mpaka adhana ya alasiri. Mokhtaria akijaribu kuuchomoa, mama aliguna kwa sauti ya kukata maini. Basi alikaa pale kwenye kiti, mwili umepinda, akitazama doa la unyevu juu ya dirisha.

Siku moja aliingia na kile kishikwambi apate kutafuta namna ya kupika makrudi, vile vikeki vya tende, bila kuvikaanga. Akabonyeza pasipotakiwa, ikafunguka programu ya kuchorea ambayo watoto wa Benaouda walikuwa wameiacha humo. Ukurasa mweupe. Akaugusa kwa kidole ili aufunge, ukatoka mstari wa rangi ya machungwa. Akaugusa tena. Alipokuja kushtuka, muadhini alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti, na mbele yake palikuwa na kitu asichoweza kukipa jina: mabaka ya machungwa yakikimbiliana na buluu iliyokolea, na chini yake kijani kama cha chupa iliyovunjika. Haikuwa nyumba, haikuwa ua, haikuwa sura ya mtu. Lakini ilikuwa imempitishia saa mbili bila yeye kulitazama lile doa hata mara moja.

Kesho yake akachora tena, na keshokutwa.

Baada ya wiki kadhaa aligundua kuwa wako wengi wa namna yake. Mtandaoni palikuwa na kundi liitwalo Rangi za Mwanzo, la watu waliokuwa wakijifunza kuchora kwenye kioo: wanafunzi, makarani, dereva mmoja wa malori wa Annaba, nesi wa Gabès huko Tunisia. Kila mtu aliweka picha yake na wenzake wakasema lao. Alipoambiwa aandike jina, Mokhtaria aliinua macho akaona nguo zilizoanikwa nje, akaandika: Roshani.

Siku alipoweka picha ya kwanza moyo ulimwenda mbio hata akaona aibu. Alikimbilia jikoni, akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Aliporudi alikuta mioyo myekundu na maua. "Mashallah dada, una kipaji!" "Inagusa roho." "Endelea, usikate tamaa." Alisoma moja moja, akarudia. Alimsomea mama. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alikula chakula cha jioni akiwa ameketi.

Lakini hakuwa mjinga. Baada ya siku chache aliona kuwa kila mtu aliandikiwa maneno yaleyale. Jamaa mmoja alikosea akapandisha picha ya zulia lake la mlangoni, limejaa matope, na chini yake tayari mtu alikuwa ameandika, "Mashallah, una kipaji, inagusa roho." Mokhtaria alicheka peke yake. Kicheko kilipokwisha, nyumba ikawa kimya kuliko mwanzo. Alijua sasa kwamba hakuna aliyeitazama picha yake. Walikuwa wamepita tu, kama wale wa ngazini.

Picha ya sita ndiyo iliyomleta Chumvi.

Hilo ndilo jina alilojiandika. Hakuwa na picha ya uso, ila kijiko kimoja cha mbao. Hakuna aliyejua ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, na wengi kundini walimwogopa. Chini ya picha ya Mokhtaria, katikati ya maua na mioyo, Chumvi aliandika:

"Roshani, nimezitazama picha zako zote. Rangi unazijua. Lakini upande wa kushoto wa kila picha yako umekufa. Kulia kuna vita, kushoto kuna mtu amelala. Ni uvivu au ni woga?"

Mokhtaria alihisi masikio yanawaka. Alikizima kile kishikwambi, akakiwasha tena. Akafungua picha zake zote, akazipanga. Ilikuwa kweli. Zote zilijaa kulia na kufifia kuelekea kushoto, nyingine zikiishia kwenye weupe mtupu. Hakuwahi kuliona hilo. Akatazama mkono wake wa kushoto: ulikuwa umepita juu ya kishikwambi kuelekea kitandani, vidole vimefumbatwa na vidole vya mama, na kiwiko kimefunika theluthi nzima ya kioo.

Hasira ikampanda. Alijibu kwa kidole kimoja, polepole, akikosea herufi:

"Si uvivu wala woga. Mkono wangu mmoja umeshikwa na mama yangu. Ni mgonjwa, hauachii. Njoo wewe uchore hivyo tukuone."

Watu wakamrukia Chumvi. "Huna haya?" "Muombe msamaha!" Nesi wa Gabès akaandika aya nzima juu ya thawabu za kuwatunza wazazi. Mokhtaria akangoja. Alitaka sana Chumvi aaibike. Chumvi akajibu mstari mmoja:

"Sawa. Basi ukifika nusu, igeuze picha juu chini, kushoto kutakuja kulia."

Akausoma tena. Hakuambiwa pole, hakuambiwa shujaa, hakuahidiwa pepo. Alijaribu. Alichora upande mmoja, akaipindua picha, ule utupu ukaja mbele ya mkono wake wenye uhuru, mpana, unamsubiri. Alichora mpaka adhana, akaiweka kundini bila neno. Jibu la Chumvi lilikuja kesho yake: "Imepona nusu. Sasa una magonjwa mapya. Kwa nini buluu moja kila mahali? Hiyo ni mboga uliyopenda ukampikia mgeni siku saba."

Tangu hapo mchana wa Mokhtaria ukawa na mtu ndani yake. Chumvi hakumwonea huruma kamwe. "Mstari huu umeuchora ukiwa unafikiria jambo lingine." "Hapa ulikuwa umeshamaliza, ukaogopa kuacha." "Hii nzuri. Usiirudie." Neno "nzuri" lilitoka mara moja moja, kavu, na Mokhtaria alilibeba siku nzima kama mtu aliyebeba yai. Usiku akilala alijua kuna mtu mahali fulani, asiyemjua, ambaye ameitazama kazi yake hata akaona mahali alipochoka. Hakuna aliyekuwa amemtazama hivyo tangu zamani. Pengine hakuna aliyewahi.

Familia ilikuja kugundua siku ya Ijumaa. Kaka yake mwingine, Miloud, aliishi upande wa pili wa mji, na Ijumaa alikuja na mkewe Nassira wamesheheni vyakula. Nassira alikuwa mwanamke wa mdomo mwepesi na mikono myepesi zaidi. Alifika akavua baibui, akafua, akamkata mama kucha, akakosoa supu. Siku hiyo alikikuta kishikwambi mezani kimewashwa.

"Ee wifi, hii nini? Umemwaga shakshuka ya nyanya?"

"Ni picha," alisema Mokhtaria, akinyoosha mkono akichukue.

Nassira alikiinua juu zaidi. "Picha ya nini?"

"Si ya kitu."

"Si ya kitu! Sasa kama si ya kitu, umeichora kwa nini? Miloud! Njoo uone. Dada yako kachora si-kitu!"

Miloud akachungulia akiwa na kipande cha karantika, ule mkate wa unga wa dengu, mdomoni. Akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. "Mimi naona punda," alisema kwa dhati.

"Punda wa wapi? Ni bamia zilizopondwa. Walahi Ilyes wangu ana miaka minne, anachora hivihivi ukutani, nami namfinya sikio." Alicheka hata machozi. Kisha akamwona Mokhtaria usoni, akaacha. "Usinune basi. Nakutania. Kama zinakufurahisha, chora bamia zako. Ila watu wa mtandaoni, wifi, jihadhari nao. Leo anakusifu, kesho anakuomba picha yako huna hijabu."

"Huyu hanisifu," alisema Mokhtaria. "Ananitukana."

"Na wewe unamjibu?"

"Namshukuru."

Nassira alimtazama mumewe, mumewe akatazama karantika yake. Baada ya hapo walizungumza habari za mafuta ya kupikia.

Majira ya baridi yalipoanza Hadja Kheira alidhoofika. Alilala zaidi, alikula vijiko vichache. Lakini siku moja mchana alikuwa macho, macho kweli, anafuatilia kidole cha binti yake kinavyotembea kwenye kioo. Mokhtaria aliona. Akakisogeza kishikwambi, akakiinua mbele ya uso wa mama.

"Unaona, yumma? Hii ya leo. Wanasema bamia."

Mama alitazama kwa muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya saa hiyo ya mchana: aliuachia mkono wa Mokhtaria. Kidole chake kimoja kikapanda, kikagusa kioo chini kabisa, kikajiburuta. Ukatokea mstari mweusi mnene, umepinda kama mgongo wa kondoo, ukakata rangi zote zilizokuwa njiani mwake. Alipomaliza akaushika tena mkono wa binti yake, akafumba macho, kama mtu aliyetia saini akamaliza kazi.

Mokhtaria alitaka kuufuta ule mstari, ulikuwa umeiharibu picha ya siku tatu. Kidole kikasita. Akaiweka kundini vilevile, hakueleza lolote.

Chumvi akaandika: "Ule mweusi wa chini si wako. Mkono ni mwingine. Sijui ni wa nani, lakini ndio mstari pekee humu usioomba ruhusa."

Mokhtaria alisoma mara mbili, kisha akainama sikioni mwa mama. "Yumma, umesifiwa. Umesifiwa na mtu asiyemsifu mtu." Kikatoka kifuani mwa mama kitu kama kikohozi, kifupi. Binti alijua kuwa mama yake amecheka. Waganga na madaktari wangesema ni makohozi.

Alikufa asubuhi moja ya mvua, Mokhtaria akiwa jikoni anachuja supu. Aliingia na bakuli akaona ule mkono wa kushoto umelala juu ya blanketi umefunguka, kiganja juu. Hakuhitaji kugusa kitu kingine. Aliliweka bakuli chini taratibu, akalifunika kwa sahani ili lisipoe, na baadaye hakuelewa kwa nini alilifunika.

Siku tatu nyumba ilijaa watu. Nassira alilishika jiko lote, akapika kuskusi ya kulisha mtaa, akalia kwa sauti kuliko binti wa damu. Benaouda alifika kutoka Marseille akalala sebuleni, akaondoka. Siku ya arobaini wakaja tena, wakasoma, wakala, wakaondoka. Mlangoni Nassira alimshika mabega.

"Funga nyumba hii uje kwetu. Chumba cha Ilyes kipo. Utakaa hapa na nani?"

"Nitakuja, wifi. Nipe muda kidogo."

"Muda wa nini, Mokhtaria? Hakuna wa kumgeuza tena."

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno lilibaki limesimama katikati ya korido baada ya lifti kushuka.

Mokhtaria aliamka kila siku saa ileile ya kumgeuza mama, akasimama wima chumbani katikati, hana pa kwenda. Alinunua maboga mengi kuliko anayoweza kula. Mchana alikaa kwenye kiti kilekile kando ya kitanda kilichotandikwa, na mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe ukajilaza pembeni ya godoro. Alikuwa na mikono miwili sasa, na mmoja haukuwa na kazi.

Ndipo akachora. Kioo chote kilikuwa wazi mbele yake, kulia na kushoto, hakuna kiwiko cha kuziba. Picha ilitoka kwa urahisi uliomtisha, imetulia pande zote. Aliiweka kundini. Mioyo ikamwagika. "Roshani umerudi! Umekomaa!" "Sasa picha zako zina mizani!" Alisoma ile "mizani," akairudia. Alitaka mtu mmoja tu, mmoja, ajue bei ya mizani hiyo. Akamwandikia Chumvi faraghani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya:

"Mama amefariki. Nina miaka arobaini na minane, na sijui niufanyie nini mkono huu."

Jibu lilikuja kesho yake. Lilikuwa sauti iliyorekodiwa. Mokhtaria alibonyeza, na chumbani mwa Hadja Kheira ikaingia sauti nyembamba ya msichana, yenye lafudhi ya jangwani, na nyuma yake kuku wanalia.

"Assalamu alaykum, shangazi. Mimi… naitwa Oum-Elkheir, niko Adrar. Nasomea mambo ya maji, nina miaka ishirini. Mungu amrehemu mama yako, amlaze pema. Shangazi, nimelia. Nisamehe kwa haki ya Mungu. Nilikuita mvivu! Mimi nilidhani wewe rika langu, mwanafunzi tu. Mama yangu akijua nimemwambia mtu mzima maneno yale, atanichapa kandambili mpaka ikatike. Nisamehe, shangazi. Hutanisikia tena nikikukosea adabu."

Mokhtaria alicheka huku machozi yakimtiririka. Kijiko kile cha mbao, ukali wote ule, kumbe ni mtoto mwenye kuku! Akamjibu kwa sauti yake mwenyewe, akamwita binti yangu, akamwambia hakuna la kusamehe, akamwombea mitihani yake. Jioni ile alijiona ana mtu.

Lakini Oum-Elkheir alitimiza ahadi. Picha iliyofuata aliiandikia: "Tabaraka Allah, shangazi. Ina utulivu." Iliyofuata: "Mikono yako ibarikiwe, shangazi." Mokhtaria alingoja yale meno ya Chumvi yaje. Hayakuja. Akamwandikia, "Niambie ukweli mwanangu, kama zamani." Akajibiwa, "Ukweli ndio huo, shangazi. Mimi ni nani wa kukukosoa wewe?"

Basi akamtega. Alichora picha mbaya makusudi. Alipaka kahawia juu ya kijani, akasugua kama mtu anayefuta meza, akatupa duara la waridi katikati bila sababu. Ilikuwa aibu. Punda wa Miloud angeikataa. Akaiweka. Chumvi akaandika: "Nzuri sana, shangazi. Inaonyesha subira."

Mokhtaria alikiweka kishikwambi mapajani. Nje jirani alikuwa anakung'uta zulia, pu, pu, pu. Alielewa kuwa yule mtu aliyekuwa akimtazama hayupo tena. Hakufa, hakuhama, hakugombana naye. Amegeuka kuwa mmoja wa wale wa ngazini, kwa heshima zote na kwa roho safi, na hakukuwa na kosa lake la kumlaumu. Kifo cha mama kilikuwa na mazishi, kuskusi na watu wa kukushika mkono. Kwa hili hakukuwa na mtu wa kumwambia. Angemwambia Nassira nini? Kwamba analia kwa sababu amesifiwa?

Zilipita wiki hakuchora. Alikwenda kwa Miloud siku mbili, akalala chumba cha Ilyes chini ya picha za magari, akarudi kwake. Alifikiri kurudi duka la nakala. Alipita mbele yake, akakuta wanauza vifuniko vya simu.

Mchana mmoja, akinywa kahawa, alikiwasha kishikwambi, akaiacha akaunti ya Roshani ilivyo, akafungua nyingine, akaingia kundini kama mgeni. Palipoandikwa jina alifikiri kidogo, akaandika: Mkia wa Mjusi. Hakutaja umri, hakutaja mji, hakutaja msiba. Akachora picha moja siku nne, kwa bidii yote aliyokuwa nayo na kwa rangi ambazo Roshani hakuwahi kuzigusa, akaipandisha. Kisha akafanya kama siku ile ya kwanza: akaenda jikoni kuosha sufuria safi.

Maua yalikuja, na mioyo. Halafu, alasiri:

"Mkia wa Mjusi, karibu. Mkono unao. Lakini umejaza kila pembe, hata hewa haina pa kupita. Nani kakwambia pakiwa patupu patabomoka? Futa nusu, ulete tena."

Mokhtaria alisoma akiwa amesimama, mikono inadondosha maji ya sabuni. Akakaa. Ilikuwa kweli tena. Hapakuwa na upenyo hata mmoja. Alikuwa ameijaza picha kama mtu anayesukumia makabati mlangoni. Alifuta, akaumia kwa kila alichokifuta. Akaileta tena. "Afadhali," aliandika Chumvi. "Bado unaogopa kulia juu. Futa." Naye akafuta.

Wakaendelea hivyo mpaka machungwa yalipokwisha sokoni. Oum-Elkheir alimkaripia, Mkia wa Mjusi akatii au akabisha, na mara moja alimbishia vikali hata Chumvi akakubali kuwa amekosea, jambo ambalo kundi zima lililijadili. Mokhtaria alikula ameketi. Wakati mwingine, katikati ya furaha ile, ilimjia kuwa hakuna mtu duniani anayejua kuwa ni yeye. Kuwa yule msichana anazungumza na mtu asiyekuwepo, na yeye anasikiliza mlangoni mwa chumba chake mwenyewe. Hapo kahawa ilipoteza ladha. Lakini hakuweza kuacha.

Halafu siku moja ukaja ujumbe, si kwa Mkia wa Mjusi, bali kwenye ile akaunti ya zamani. Ilikuwa sauti, na kuku wake.

"Shangazi Roshani, hujambo? Umetunyamazia. Nakuombea kila Ijumaa. Shangazi, nina jambo nataka busara yako. Humu kuna mtu mgeni, Mkia wa Mjusi, umemwona? Ana kitu huyo, walahi ana kitu. Lakini namchapa kila siku, na juzi nilimwambia neno gumu, akakaa kimya siku mbili. Moyo unanisuta. Nikikumbuka yaliyonipata kwako… sijui ana shida gani nyumbani kwake. Nipunguze ukali? Nimsifu kidogo?"

Mokhtaria aliisikiliza mpaka mwisho. Zile siku mbili alikuwa na mafua tu. Alinyanyuka, akaenda roshani, akazichukua nguo zilizokauka, akazikunja moja moja juu ya kitanda. Lilimjia mdomoni neno jepesi kabisa: ni mimi, mwanangu. Alijua likitoka litafuatwa na kilio, na msamaha, na baada ya hapo subira na utulivu na mikono ibarikiwe, hadi siku atakayokufa.

Akabonyeza, akasogeza mdomo karibu.

"Sijambo, binti yangu. Huyo mgeni nimemwona. Usimsifu bure. Mwambie kila unachokiona, usimfiche. Mtu anayerudi kila siku kuchapwa hivyo, ujue anahitaji."

"Una hakika, shangazi?"

"Nina hakika."

"Basi sawa. Mungu akuhifadhi. Na wewe utatuletea picha lini?"

"Mimi nimepumzika kidogo," alisema Mokhtaria. "Macho yamechoka."

Kabla ya magharibi, chini ya picha ya Mkia wa Mjusi, Chumvi alikuwa ameandika maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuyaandika, na hapakuwa na hata moja la huruma. Mokhtaria alivaa miwani, akasoma mstari wa kwanza, akaguna, akavuta kiti karibu na dirisha palipokuwa na mwanga.